Siku King'ora Kiliposimamisha Mji Mzima

Vijana wa zimamoto, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, nikashukuru. Halafu yule mwenye maneno mengi kati yenu akasema, "Mzee, si utuandikie basi mambo ya zamani, ya kazi." Alisema hivyo kwa sababu hotuba zilikuwa ndefu na soda zilikuwa zimeisha. Lakini mimi nilimsikia, na mtu akiniomba kitu mbele ya watu sisahau. Kwa hivyo someni sasa, mlijitakia wenyewe. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa ngapi, maana la kwanza halina utamu na la pili litawaliza. Nitawaambia ya miaka ya hamsini, nilipoingia kazini, na hasa ile Jumapili ambayo nusura inikoseshe mke.

Nilikuja Nakuru kutoka Molo, kwenye shamba la pareto ambako baba yangu alikuwa kibarua wa mzungu. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na bila karatasi ya kazi mfukoni hukuweza kutembea mbali. Nikasikia baraza la mji linatafuta watu wa zimamoto. Asubuhi hiyo tulikuwa kundi zima pale mlangoni. Bwana mkubwa wa zimamoto, mzungu mwembamba mwenye masharubu, akatuonyesha mpira wa maji uliokunjwa na kutuambia kila mtu akimbie nao mpaka kwenye mvule ule na kurudi. Kuna waliokimbia vizuri kuliko mimi, lakini walipofika kwenye mti wakaona barabara, wakaona ule mpira ulivyo mzito, wakaendelea kwenda zao. Mimi nilirudi. Nikaandikwa kazi siku hiyo hiyo.

Aliyenifunza kazi ni Sajini Cheruiyot, mtu wa upande wa Londiani, dereva wa gari letu na mkubwa wetu sisi weusi. Cheruiyot hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa moto. Akinywa chai, chai inapoa. Akisalimia mtu, yule mtu anapitwa na shughuli zake. Lakini moto ukitajwa alikuwa ndani ya gari kabla hujafunga kifungo. "Kwanza angalia upepo," aliniambia siku ya kwanza, "halafu angalia mpira, halafu ndio uangalie moto. Moto utauona tu, haujifichi." Alinionyesha kuushika mdomo wa mpira chini ya kwapa, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, maana maji yakija kwa nguvu yanasukuma. Mimi nikasema nimeelewa. Akafungua koki. Nikaanguka chali, mpira ukaruka peke yake, ukaosha upya nguo zote za mke wa bwana mkubwa zilizokuwa zimeanikwa, na bwana mkubwa mwenyewe aliyekuwa dirishani akipiga mswaki.

"Hukuelewa," Cheruiyot akasema.

Mipira yenyewe ilikuwa ya turubai. Ukiikunja na unyevu inaoza, kwa hivyo tuliianika kwenye mnara wa kituo kila baada ya kazi, na panya wakiitoboa tuliziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Upepo wa Nakuru nao mnaujua. Mchana unatoka ziwani na lile vumbi jeupe, na ukiwasha jiko nje bila kuangalia, moto unahama na kwenda kwa jirani. Bondeni nyumba zilikuwa zimebanana, akina mama wanaanika mahindi juu ya vifuniko vya koki zetu za barabarani, na ukitaka maji lazima kwanza ubishane na mwenye mahindi. Nilibishana sana miaka ile. Sikushinda hata siku moja.

Sasa, king'ora. Mnarani palikuwa na king'ora cha umeme, lakini nyuki walikihamia, na bwana mkubwa aliogopa nyuki kuliko moto. Kwa hivyo tulitumia kile cha mkono kilichofungwa ubavuni mwa gari. Kilikuwa na mpini wa kuzungusha. Unazungusha polepole, kinaanza kunguruma, unaongeza, kinapanda mpaka meno yanauma, na ukiacha kinashuka chenyewe kwa kulalamika. Kazi ya kukizungusha ilikuwa yangu kwa sababu ya mikono mirefu. Nilijivunia kazi hiyo, msicheke.

Na si moto tu tuliitiwa. Mji ule ulikuwa na siku nyingi kuliko watu. Palikuwa na Siku ya Dola ya Waingereza, sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, siku ya Umoja wa Mataifa, siku ya Waskoti ambapo wazungu wazima walivaa sketi. Palikuwa na Krismasi na Pasaka, Idi na Diwali. Zote zilitaka zimamoto, ama kumwagia uwanja maji vumbi lisipande, ama kusimama tayari mtu akijichoma. Shida ni kwamba siku nyingine hutembea na kalenda ya ukutani na nyingine hutembea na mwezi, na kuna mwaka zinagongana. Mwaka ninaousema, Siku ya Dola na Idi ziliangukia siku moja. Cheruiyot akagawa tangi, nusu ya maji kwa uwanja wa sherehe, nusu kwa waumini wa Bondeni wapate kutawadha. Tukaanza Bondeni. Waumini walikuwa wengi, Mungu awazidishe, na hawakujua habari ya nusu. Tulipofika uwanjani bwana mkubwa akapaza sauti mbele ya wageni wote, "Maji!" Nikafungua. Mpira ukakohoa, ukatema kijiko kimoja cha maji na chura. Yule chura akaruka mpaka mbele ya bendi, akakaa. Cheruiyot akapiga saluti, maana hakujua afanye nini kingine.

Tulidhani mwaka umemaliza vituko. Kumbe Novemba inatungoja. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ile ya maua mekundu na dakika mbili za kimya, ikaja kukutana na Diwali. Asubuhi mji mzima unyamaze, jioni mji mzima upige fataki. Na hiyo ilikuwa Hali ya Hatari, jamani, mlango ukibamizwa mtu anaingia chini ya meza. Wakubwa wakakaa, wakakubaliana: kimya asubuhi, fataki baada ya jua kuzama, na atakayewasha mapema atalala korokoroni.

Mzee Kanji, mwenye duka la vitambaa pale mtaa wa maduka, alikuja kituoni na sahani ya jalebi kutuuliza vizuri.

"Mimi iko na sanduku mbili ya fataki dukani," akasema. "Sipigi mpaka giza. Lakini taa ndogo ya ibada je? Mama ya watoto nataka washa mchana."

"Taa washa," Cheruiyot akasema, mdomo umejaa. "Weka mbali na vitambaa."

"Duka yote ni vitambaa, sajini."

"Basi weka mbali na fataki."

Wakaachana hivyo, kila mmoja akiamini ameeleweka.

Kama kulikuwa na jambo la kunikosesha usingizi mwaka huo, halikuwa fataki. Lilikuwa Nekesa. Nekesa binti Simiyu alikaa na wazazi wake Bondeni, na nilimwona mara ya kwanza nikibishana na mama yake juu ya mahindi na koki. Nilishindwa ubishi, nikashindwa na mengine yote. Nilimpenda yule msichana mpaka nikawa nasahau kula, na mnavyonijua, kula sisahau. Yeye mwenyewe alikuwa amekubali. Aliyebaki ni baba yake.

Mzee Simiyu alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka la Mzee Kanji, na ile cherehani ya kukanyaga aliinunua kwa pesa alizopewa alipotoka jeshini. Alikuwa amepigana Burma. Alikaa wima kwenye kile kiti kama bado kuna afisa nyuma yake, na hakupima mtu kwa futi, alikutazama mara moja tu akajua kiuno. Siku niliyokwenda kumwona, alinitazama hivyo, nikahisi nimepungua.

"Kazi yako nini?" akauliza.

"Zimamoto, baba."

"Kungoja nyumba za watu ziungue."

"Ndiyo, baba. Hapana. Kuzizima."

"Na zisipoungua unakula nini?"

"Mshahara, baba."

"Wa nini?"

Nikafikiri. "Wa kungoja."

Akageuza gurudumu la cherehani, akashona mstari mzima wa suruali. Halafu akaniambia kwamba kuna karani mmoja wa reli, kijana mwenye baiskeli yenye taa, ambaye pia amemuulizia Nekesa. "Jumapili nitakuwa kwenye gwaride na wenzangu," akasema. "Wewe ndiye unapiga king'ora. Nitakuangalia. Mtu akiheshimu dakika mbili za wale waliolala kule, huyo naweza kumpa mtoto. Jumapili jioni nitakuletea jibu mwenyewe, na jibu langu ni moja tu, usije ukarudi kuuliza tena."

Nekesa nilikutana naye mferejini. Nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma, kisha kwa ukali.

"Usije ukaharibu hiyo kitu yako Jumapili," akasema. "Yule karani ananuka vitunguu. Mimi sitaishi maisha yangu yote na vitunguu kwa sababu wewe huwezi kuzungusha mpini."

Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kuzungusha hewa.

Jumapili ikafika. Gari tumeling'arisha, kofia za shaba zinawaka. Tukaegesha karibu na mnara wa kumbukumbu, wakubwa wamepangwa, bendi, maaskari wa zamani na medali zao, Mzee Simiyu akiwa mstari wa nyuma. Mji ulikuwa umetangaziwa mpaka watoto walijua: king'ora kikilia mara ya kwanza, kila mtu popote alipo asimame, avue kofia, anyamaze. Kikilia mara ya pili, basi. Bwana mkubwa akaniinulia kidole. Nikazungusha. Kikapanda vizuri, kikashuka vizuri. Kimya. Hata flamingo kule ziwani nadhani walinyamaza. Kidole tena, nikazungusha, ikaisha. Nikamtupia jicho Mzee Simiyu. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kidogo sana, lakini aliitikia. Jamani! Niliona mahari, niliona nyumba, niliona watoto.

Gwaride likapangwa kwenda mjini, wakubwa wanywe chai kwenye ukumbi. Bendi mbele, wazungu, halafu maaskari wa zamani, halafu raia wamejaa barabara nzima, na sisi na gari nyuma ya wote mwendo wa kobe. Tulikuwa tumeingia mtaa wa maduka, Mzee Simiyu na wenzake wanatembea mbele kidogo, mtu akaja mbio kutoka kando akipunga mikono.

"Moto! Duka la Kanji! Moto!"

Nikainua macho. Kweli, moshi unatoka mlangoni kwa Mzee Kanji. Ile taa ya ibada ilikuwa imewekwa mbali na fataki kama tulivyoagiza. Iliwekwa karibu na pazia.

"Piga!" Cheruiyot akasema.

Nikapiga. Ndiyo kazi yangu, gari likienda motoni king'ora kinalia watu wapishe njia. Nilizungusha kwa nguvu zangu zote.

Na mji wote ukasimama.

Wote, nawaambia. Bendi ikakata wimbo katikati. Wazungu wakavua kofia. Polisi wa barabarani akasimamisha lori na kupiga saluti. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani akafumba macho. Mtu wa baiskeli alisimama bila kushusha mguu, akaanguka taratibu, na akabaki amelala hapo hapo kwa heshima. Na Mzee Kanji, mwenye duka linaloungua, alikuwa anatoka mlangoni na ndoo ya maji. Alikuwa amekaa Nakuru miaka mingi, desturi anaijua. Akasimama, ndoo mkononi, maji yanamwagikia viatu, machozi yanamtoka, hasogei.

Nikamsikia mzee mmoja karibu na gari akimnong'oneza mwenzake, "Ile ya kwanza ilikuwa ya vita vya kwanza. Hii ni ya vita vya pili." Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Na kusema kweli ilikuwa na akili, vita vilikuwa viwili.

"Wamesimama," Cheruiyot akasema.

"Naona, sajini."

"Piga ya pili uwafungue."

Nikapiga ya pili. Wakafunguka! Bendi ikaendelea palepale ilipokuwa imekatia, Mzee Kanji akakimbia na ndoo ambayo sasa ilikuwa haina kitu, na watu wote wakamwagika katikati ya barabara kuona moshi. Gari halina pa kupita. Sasa mkono wangu mimi ulikuwa na mazoea yake. Watu wakijaa mbele ya gari, mkono unakwenda kwenye mpini.

"Usi—" Cheruiyot akaanza.

Nilikuwa nimeshapiga. Wakasimama tena, na sasa wamesimama mbele ya gari.

Kutoka hapo sijui niwaelezeje. Nilipiga kuwafungua, wakajazana, nikapiga wapishe, wakaganda. Baada ya muda nusu ya watu walidhani ni ya kusimama na nusu walidhani ni ya kwenda, wakawa wanakanyagana na kuombana radhi. Mzungu mmoja mwenye mkufu wa baraza la mji shingoni alikuwa anahesabu kwa vidole, akipoteza hesabu, akivua kofia, akiivaa. Bwana mkubwa wetu akaja mbio akipiga kelele, "Wewe napiga ya nini? Wewe mjinga! Ondoa hii—" king'ora kikawa bado kinashuka, akakisikia, akaganda mguu mmoja juu.

Tulisogea hivyo, hatua hatua, mpaka nyuma ya maaskari wa zamani. Hapo nikapiga, wakasimama kwa saluti kama walivyofanya kila mara. Nikashika mpini niwafungue. Mpini ukang'oka, ukabaki mkononi mwangu.

Nilijaribu kuurudisha. Kipande kilichoushika kilikuwa kimekatika kabisa. Raia wa kawaida, baada ya kungoja, walianza kuchungulia na kusogea pembeni mmoja mmoja. Lakini wale askari, wapi! King'ora cha pili hakijalia. Walifunga barabara kutoka baraza hii mpaka baraza ile, na aliyekuwa mbele ya bampa ya gari letu, wima, mkono kwenye paji la uso, alikuwa Mzee Simiyu. Na mbele yake, mwendo wa kutupa jiwe, moto ulikuwa umeanza kulamba ile baraza, na kwenye baraza niliiona cherehani yake.

Nikaruka chini. Kumsukuma siwezi. Kwetu mtu hamsukumi baba wa msichana anayemtaka, hata kama nyuma yake kuna nyati. Nikamsogelea sikioni.

"Baba, ni moto. Si kimya. Ni moto wa kweli."

Akaongea bila kufungua midomo. "King'ora cha pili hakijalia."

"Kimevunjika, baba! Ona, mpini huu hapa."

"Rudi kazini kwako."

Nikasimama wima, nikavuta pumzi, nikanguruma kama nilivyosikia maafisa wakinguruma, "Gwaride! Tawanyika!"

Hakuna aliyetikisika. "Wewe si afisa," akasema Mzee Simiyu.

"Baba, cherehani yako inaungua!"

Hapo niliona macho yake yakienda kwenye baraza. Niliona yameiona. Halafu yakarudi mbele. "Usinikatize," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. Nikabaki nimesimama pale na mpini wangu, karibu nilie. Nilijua nimekwisha. Duka litaungua, cherehani itaungua, na mimi nitahudhuria harusi ya vitunguu.

Ndipo moto ukafika kwenye fataki.

Sanduku mbili, kama alivyosema Mzee Kanji mwenyewe. Ta! Ta-ta-ta-ta-ta! Mzee Simiyu hakungoja king'ora cha pili wala cha tatu. "Lala chini!" akapiga ukelele, akaruka, na kikosi chote cha Burma kikaruka naye, kikaingia mtaroni. Bendi ikaingia mtaroni. Mkufu wa baraza ukaingia mtaroni. Bwana mkubwa alichelewa kidogo akakuta umejaa, akaulalia juu. Barabara nzima ikawa nyeupe, hakuna hata kuku.

"Sasa ndio njia," Cheruiyot akasema, akakanyaga mafuta.

Kilichobaki kilikuwa kazi tu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, kwa hivyo tukaingilia upande wa nyuma wa moshi. Koki ya karibu ilikuwa na mahindi juu, na safari hiyo sikubishana, niliyamwaga. Mdomo wa mpira nikaubana chini ya kwapa, mguu mmoja mbele, na sikuanguka. Fataki zilikuwa zinapita juu ya kofia zetu, nyekundu, kijani, nzuri ajabu mchana ule. Watu wote walikuwa wameshatoka dukani. Cheruiyot alipochukua mpira, mimi nikapanda baraza, nikaikumbatia ile cherehani, ya moto mpaka inanuka, nikaibeba mpaka katikati ya barabara. Ule mkanda wa ngozi wa kuzungusha ulikuwa umeungua. Chuma chote kilikuwa kizima.

Duka lilipoteza pazia, marobota ya kaki, na fataki zote. Mzee Kanji alimshika Cheruiyot mikono yote miwili, akasema tumeokoa nyumba, na akacheka akilia, kwamba yeye peke yake Nakuru nzima amepiga fataki kabla ya jua kuzama na hakuna polisi wa kumkamata, wote wako mtaroni. Bwana mkubwa alisema maneno ambayo sitaandika. Alituweka zamu pale mtaani mpaka jioni, gari likiwa kimya, bila mpini.

Jua lilipokuwa linazama, wenye maduka wakawasha taa zao ndogo, safu nzima ya mtaa, hata Mzee Kanji kwenye baraza yake iliyoungua. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya gari. Nikamwona Mzee Simiyu anakuja. Alikuwa na matope mpaka kwenye medali. Nikasimama. Alisema atakuja na jibu, na alikuwa mtu wa neno lake.

"Kaa," akasema. Akakaa na yeye, juu ya mpira uliokunjwa. Akawa anaangalia zile taa.

"Baba, nisamehe kwa leo."

"Unajua pale kwenye kimya huwa nafanya nini?"

"Unawakumbuka waliokufa, baba."

"Naongea na mtu mmoja," akasema. "Anaitwa Wekesa. Tulizaliwa kijiji kimoja, tukaandikwa jeshi siku moja. Nilimwacha Burma, kando ya mto, kwenye matope. Kila mwaka namwambia habari za nyumbani. Mvua, nani amezaa, ng'ombe wa mama yake. Lakini ni dakika mbili. Nikianza tu, king'ora hicho kinalia, namwacha katikati ya habari. Miaka yote hiyo, sijawahi kumaliza."

Nikavua kofia yangu ya shaba, nikaiweka magotini.

"Leo nilimaliza," akasema Mzee Simiyu. "Kila nikidhani basi, wewe unanipa nyingine. Nikamwambia mambo yote niliyokuwa nimeyaruka. Nikafika mpaka mwaka huu, mpaka kwa Nekesa. Nikamwambia kuna kijana wa zimamoto, mrefu, akili si nyingi, anamtaka."

"Na yeye akasemaje, baba?"

"Hakusema kitu."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye buti. Mzee Simiyu akainuka, akajipangusa matope magotini, akanishika bega. Alikuwa hajawahi kunigusa.

"Wekesa namjua," akasema. "Jambo asilolitaka alikuwa anapiga kelele mpaka kambi yote inaamka. Huyo akinyamaza, amekubali. Leta wazee wenu Jumamosi."